Mwanangu Anasema Mwandishi ni Mwongo

Shikamoo Mwalimu,

Natumaini hujambo huko Lindi. Huku Newala tunahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho, maana imeanza kutoa maua na ugonjwa wa ubwiriunga mwaka huu hauna huruma. Nakuandikia usiku, watoto wameshalala.

Shida yangu ni kijana wangu wa kwanza, ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Hesabu anaziweza, fizikia anaiweza, na simu ikiharibika hapa nyumbani yeye ndiye anayeifungua. Kinachomshinda ni hadithi. Si kwamba hajui kusoma, anasoma vizuri tu. Ila mwandishi akisema jambo kwa mafumbo, yeye analichukua kama lilivyo, halafu anakasirika.

Muhula huu walipewa hadithi fupi, na mimi nimeisoma. Kijana mmoja anaondoka kijijini kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Anamwahidi mama yake kwamba msimu ujao wa korosho atarudi. Harudi. Misimu inapita. Siku anayorudi, mama ameshazikwa. Mwandishi anasema, "Mji ulikuwa umemtafuna, ukamtema kapi." Njiani anakutana na mzee wa kijiji "aliyekula chumvi nyingi", anayemwonyesha kaburi. Akifika nyumbani, "nyumba ilimtazama, kisha ikageuza uso." Nyuma ya nyumba kuna mkorosho "uliozeeka kwa kumsubiri, maua yake yameota unga." Mwishoni mtoto wa jirani anayecheza pale barazani anamuuliza, "Wewe ni mgeni wa nani?" Hadithi inaishia hapo.

Sasa sikia majibu ya mwanangu. Kwa nini nyumba iligeuza uso? Akaandika, "Nyumba haina uso. Labda lilipita tetemeko la ardhi." Mji kumtafuna? "Mji hauna meno." Yule mzee wa chumvi nyingi? "Ana presha." Alipata alama 2 kati ya 10. Mwalimu wake akalisoma darasani lile jibu la tetemeko, watoto wakacheka mpaka wakalala juu ya madawati, na tangu siku hiyo wanamwita Tetemeko. Amerudi nyumbani ananiambia mwandishi ni mwongo na hatasoma tena hadithi yoyote.

Baadaye walipewa orodha ya tamathali za semi: tashibiha, sitiari, tashihisi, mubalagha, tafsida, kejeli. Aliikariri jioni moja, anaitiririsha kama dua. Lakini ukimpa sentensi hajui inasema nini. Hata bibi yake akimsimulia habari za Sungura na Fisi, anamkatiza, "Bibi, sungura aliongea lugha gani?" Bibi amechoka naye.

Jirani ananiambia huenda mtoto ana kasoro kichwani, nimpeleke akaangaliwe. Baba yake naye amekuwa jiwe, hasikii. Anasema hadithi zinamlisha nani, aachane nazo akazane na hesabu. Mimi nimeishia darasa la saba, na nyumbani tunaongea Kimakonde zaidi ya Kiswahili, sijui nimsaidieje. Na usidhani ni mtoto mpole asiyejua maneno. Mdomo anao! Yeye ndiye anayemwita jirani huyo huyo Redio Mbao.

Je, mwanangu ana tatizo? Na mtu wa elimu yangu anaweza kumsaidia, au nimwachie baba yake ashinde?

Mama wa Kidato cha Pili,
Newala

MAJIBU

Marahaba, mama. Poleni na salfa.

Barua yako nimeisoma nikairudia, na nilipoirudia nikaanza kucheka, wala si kwa dharau. Unasema mwanao haelewi lugha ya picha, na unaogopa kwamba wewe mwenyewe huiwezi kwa sababu ya darasa la saba. Lakini wewe huyo huyo umeniandikia kwamba ubwiriunga hauna huruma. Tangu lini ugonjwa wa mikorosho ukawa na huruma au ukaikosa? Umeniandikia pia kwamba mume wako amekuwa jiwe. Hukunieleza ni jiwe la aina gani, na mimi sikuona haja ya kuuliza. Tumeelewana bila mwalimu wa Kiswahili kusimama katikati yetu. Kwa hiyo hilo la elimu liweke pembeni.

Sasa kijana. Nimalizane kwanza na huyo jirani. Wapo watoto ambao kutoelewa mafumbo, utani na kejeli ni sehemu ya hali iitwayo usonji. Lakini usonji hautambuliwi kwa jambo moja. Huanza kujionyesha mtoto akiwa mdogo, katika namna anavyozungumza na watu, anavyocheza na wenzake, anavyong'ang'ania mambo yafanyike vile vile kila siku. Kama ukikumbuka utoto wake unayaona hayo, mpeleke hospitali aonwe na mtaalamu, wala hakuna aibu. Uliyonieleza hayaelekei huko. Watoto wengi huendelea kujifunza nahau na mafumbo ya lugha hadi wanapokuwa watu wazima, na anayesoma kwa lugha isiyo ya nyumbani kwao huchukua muda zaidi. Miaka 15 bado ni mapema mno kumwekea mtoto muhuri.

Na kuna huyo Redio Mbao. Hata kama jina lenyewe mwanao amelikuta mtaani, amejua wa kumvisha. Ametazama redio na akamtazama jirani, akachukua jambo moja linalowaunganisha, yaani habari zinazotoka mfululizo iwe umeziomba au hukuziomba. Betri akaiacha. Antena akaiacha. Hakumtarajia jirani awe na kitufe cha kuzimia, ingawa nadhani angependa. Kuchukua kimoja na kuacha vingine ndiyo kazi yote ya sitiari, na mwanao anaifanya bure, kwa furaha, uani kwenu.

Anaifanya hata asipojua. Hapo Newala mnalo Shimo la Mungu, lile bonde linalokufanya ushike kofia ukisimama ukingoni. Sidhani kama amewahi kukuuliza Mungu alilichimba kwa jembe gani. Timu ya soka ya Namungo ya Ruangwa ikicheza, mtangazaji akisema Wauaji wa Kusini wameingia uwanjani, hatakimbia kuwaita polisi. Anaelewa.

Kwa nini basi anakwama kwenye karatasi?

Mimi nadhani ni kwa sababu mbili, na hakuna hata moja iliyo kasoro yake. Ya kwanza, uani anamjua jirani. Picha inamjia pamoja na sura ya mtu, sauti yake na historia ya ugomvi wao. Kwenye hadithi hamjui mtu yeyote. Anakutana na nyumba yenye uso kabla hajajua vizuri ni nyumba ya nani, basi anaipima kama anavyopima sentensi ya kitabu cha fizikia: kweli au si kweli. Nyumba haina uso, kwa hiyo si kweli, kwa hiyo mwandishi ni mwongo. Ni hoja safi kabisa, imekosea mlango tu.

Sababu ya pili ni ile orodha. Nitasema wazi, walimu wenzangu wanisamehe: tunawafundisha watoto kuzitaja tamathali kabla ya kuziona. Mwanafunzi anaona "nyumba ilimtazama", anaandika "tashihisi", yaani kitu kimepewa tabia za mtu, anapata alama yake, anasonga mbele. Nyumba hakuiona. Huyo hana tofauti na mtu anayejua majina ya dawa zote dukani lakini hajui ipi ni ya tumbo. Mwanao angalau alisimama mbele ya ile nyumba akaikagua usoni. Kati ya anayebisha na anayekariri, mimi nipe anayebisha.

Kuhusu uongo wa mwandishi, msaada unao hapo hapo nyumbani. Bibi akitaka kuanza, si anasema "hadithi, hadithi"? Na nyinyi mnajibu nini? "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Wasikilizaji wenyewe ndio wanaouita uongo uje, kwa sauti, kabla sungura hajatia mguu. Mwambie kijana kwamba mwongo ni yule anayekudanganya bila wewe kujua. Huyu wa hadithi umemwalika, na ukamwagiza aje na utamu. Ukimwalika mtu kwa ajili ya utamu halafu ukamdai cheti cha kuzaliwa, nani amekosea? Na bibi naye asichoke. Siku nyingine akiulizwa sungura aliongea lugha gani, ajibu "Kimakonde", aendelee.

Tuingie kwenye hadithi yenyewe, maana ni nzuri kuliko maswali yaliyotungwa juu yake.

Usianze kwa kumwambia mwanao kwamba nyumba haikugeuza uso kweli. Hilo analijua, ndilo alilowaambia darasani, wakamcheka. Anza kwa kukubaliana naye. Ni kweli, nyumba haina uso. Halafu muulize: basi aliyeuona huo uso ni nani? Na unyamaze. Mpe muda.

Kwenye hadithi kuna watu wanaoiona nyumba ile. Yupo huyo aliyerudi, na yupo mtoto wa jirani. Mtoto anacheza barazani, amekaa pale kama kwao, nyumba haijamtazama wala haijamfanya lolote. Ingekuwa nyumba ndiyo yenye hasira, si ingemfukuza na mtoto? Uso unaonekana kwa mtu mmoja tu, yule aliyemwahidi mama yake kwamba msimu ujao atarudi. Labda dirisha lilikuwa limefungwa, mwandishi hasemi. Tunachoambiwa ni kwamba mtu mwenye deni alifika mahali pa deni lake, na hata udongo akauona unamkataa. Anayegeuza uso ni yeye mwenyewe, hawezi kupatazama pale mahali, lakini anasingizia nyumba.

Mwanao akifika hapo, muulize swali jingine, ambalo mimi naliona kubwa kuliko la kwanza: kwa nini mwandishi hakusema tu "aliona aibu"? Ni maneno mawili, yanaeleweka, hayamsumbui mtu. Naamini ni kwa sababu mtu yule bado hajakubali kwamba ana aibu. Mwandishi angeandika "aliona aibu", angekuwa amemkiria kosa kwa niaba yake. Kwa kuandika kwamba nyumba ndiyo iliyogeuka, ametuonyesha mtu anayekimbia kosa lake huku kosa limemkalia kooni. Picha imesema jambo ambalo maneno ya wazi yangeliharibu.

Sasa rudi nyuma kwenye ule mji na meno yake. Mpe kijana kipande cha muwa, atafune, ateme. Makapi hayo mkononi: kilichotoka ni nini, kilichobaki ni nini? Kilichotoka ni utamu, nao haukupotea hewani, ameumeza aliyetafuna. Kwa hiyo mtu huyu anatuambia kwamba nguvu zake ziliwafaidi watu wengine, wenye viwanda au wenye maduka ya kule, sijui nani, na walipommaliza wakamtupa. Jaribu kulinganisha na sentensi ya kawaida: "Maisha ya mjini yalimshinda." Hapo aliyeshindwa ni yeye, na lawama ni yake. Kwenye "mji ulimtafuna" lawama imehamia kwa mji.

Umeona kinachotokea? Picha ya kwanza inamtetea: mimi nimeonewa. Picha ya pili inamshtaki: hata nyumba haitaki kuniona. Ndani ya mtu mmoja kuna mashahidi wawili wanaopingana, na mwandishi hakuandika popote kwamba "alikuwa na mgogoro wa nafsi". Mwanao anayependa kufungua simu atalifurahia hili, maana ni kufungua kitu na kukuta waya mbili zimegusana. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne utamuuliza sana habari za migogoro. Akianza kuiona kwa njia hii hatahitaji kuikariri.

Kwenye mkorosho nataka uwe wewe mwalimu, mimi nikae.

Mwandishi anasema mkorosho umezeeka kwa kumsubiri na maua yake yameota unga. Nina hakika darasani wameambiwa kwamba mkorosho unaashiria kitu kikubwa, uchumi wa taifa, au utamaduni, au Afrika nzima. Tuna ugonjwa huo sisi walimu, kila mti lazima uwe nchi. Wewe mkulima wa Newala unaposoma "maua yameota unga", unaona nini? Unaona ubwiriunga. Unaona mti ambao haukupuliziwa salfa. Unajua kwamba nyumba ile haikuwa na mtu wa kubeba bomba wala hela ya kununulia dawa, na kwamba maua yenye unga namna ile hayatatoa korosho za maana. Mama wa hadithi aliishije misimu yake ya mwisho, mwandishi hakutuambia, lakini wewe umeshajua. Hayo yote umeyapata kwa kuuchukua ule unga kama unga! Hapo hakuna fumbo. Ni habari tupu, na ndiyo inayouma kuliko mafumbo yote ya hadithi.

Hili mwambie mwanao kwa sababu litampa heshima yake. Kuchukua neno kama lilivyo si ujinga, mara nyingine ndiyo njia sahihi, na msomaji mzuri hujua lini. "Maua yameota unga" lichukue kama lilivyo. "Uliozeeka kwa kumsubiri" hapana, maana mti huzeeka kwa miaka, hauzeeki kwa kusubiri. Vipande viwili vya sentensi moja, kimoja cha kweli tupu, kingine cha picha. Na ile picha tena inatuambia nani alikuwa anasubiri hasa. Mtu aliyeshindwa kusema "mama alizeeka akinisubiri" anausema mti.

Niamini, mtoto aliyekulia chini ya mikorosho anaisoma sentensi hiyo vizuri kuliko mwanafunzi wa mjini ambaye korosho anaijua ikiwa kwenye pakiti.

Nibaki kidogo kwenye yule mzee wa presha, maana jibu lile limenifurahisha, daktari yeyote angempa alama. Kosa hapa ni la aina nyingine kabisa. Kula chumvi nyingi ni nahau, maana yake kuishi miaka mingi, na nahau haichambuliwi kwa akili, hujulikana au haijulikani. Unaweza kukaa na chumvi kutwa nzima usifike kwenye uzee. Ni sawa na kuvaa miwani kwa maana ya kulewa, au kupata jiko kwa maana ya kuoa. Hizi mtu huzipata kwa kuzisikia, na kwenu mnaongea Kimakonde, ambacho kina za kwake. Ndiyo maana hazijui. Hilo ni pengo la msamiati, si la akili. Awe na daftari dogo, kila anayoisikia redioni au msikitini au kanisani au kijiweni aiandike na maana yake, basi. Ukimuuliza bibi misemo ya Kimakonde ya namna hiyo, kijana ataona kwamba hata kwao watu husema hivi wakimaanisha vile, na hasira itapungua.

Kwa hiyo akikutana na maneno asiyoyaelewa ajiulize kwanza kama ni nahau, na kama ni nahau aulize watu. Kama si nahau, atafute nani anaona, nini kinafanana, nini kimeachwa, na kwa nini hakikusemwa wazi. Jina la tamathali liandikwe mwisho. Kwenye mtihani litahitajika, simdanganyi, maana wasahihishaji wanalitafuta. Lakini aandike sentensi aliyoinukuu, jina lake, halafu mistari miwili mitatu ya maana yake ndani ya hadithi ile. Wengi huishia kwenye jina, na alama huwapita hapo.

Sasa baba. Namheshimu mtu anayejua bei ya salfa na anayetaka mwanawe awe na kazi ya kueleweka. Hesabu aendelee nazo, hakuna anayemzuia. Lakini akiuliza hadithi zinamlisha nani, mkumbushe jambo lililotokea mkoani kwetu Lindi, huko Nandete, Umatumbi, wilaya ya Kilwa. Julai 1905 watu wa pale waling'oa miche ya pamba, pamba waliyolazimishwa kuilima kwa faida ya Wajerumani. Ukiitazama kwa macho ya kawaida ni miche tu imeng'olewa, hasara ya shamba. Lakini kila aliyekuwa pale alijua kwamba vita imetangazwa, na vita hiyo ya Maji Maji iliendelea hadi 1907. Na watu wale wale waliambiwa kwamba dawa ya maji itageuza risasi kuwa maji. Walioyachukua maneno hayo kama yalivyo walizikabili bunduki kwa dawa hiyo. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa mkoa huu huu, alipoandika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka 1969, alilishika swali hilo hilo: maji yale yalikuwa na nguvu gani hasa, ya kuzuia risasi au ya kuwaunganisha watu waliokuwa hawajawahi kusimama pamoja? Kwa hiyo kujua lini neno ni kitu chenyewe na lini ni picha hakukuwa mchezo wa darasani hapa Kusini. Kulikuwa jambo la kufa na kupona.

Akiona historia ni mbali, mwambie la karibu. Msimu ukifika atasikia korosho ikiitwa dhahabu ya kijani jukwaani. Mwana asiyejua picha atapiga makofi tu. Anayejua atauliza huyu msemaji amechukua nini kwenye dhahabu na ameacha nini, na kama kilichoachwa ni bei tutakayolipwa mnadani. Nadhani hilo baba atalielewa haraka kuliko mambo ya sitiari.

Kuhusu shule, nenda ukamwone mwalimu, lakini usiende kudai alama. Kijana alikosea maswali na alama zake ni halali. Nenda kwa adabu, umwombe jambo moja: mtoto akiandika jibu la ajabu, aulizwe kwanza amelifikiaje kabla ya kusomwa mbele ya wenzake. Walimu wengi wana madarasa makubwa na madaftari yasiyoisha, mtu anacheka bila kujua ameumiza. Ukimweleza vizuri ataelewa. Na hilo jina la Tetemeko usiende kulishtakia. Litaisha lenyewe, au mwenye nalo atalipenda. Muulize tu kijana, mkiwa wawili, kama wenzake wakimwita hivyo huwa wanaogopa nyumba zitabomoka. Akicheka, ujue tumeshavuka nusu ya safari.

Kazi ya wiki hii ni hii. Aisome upya hadithi yote akusomee kwa sauti, jioni, mkiwa mmetulia. Mkifika kwenye mkorosho umsimamishe, umweleze wewe kuhusu ule unga. Kisha ajibu swali ambalo mtihani haukuuliza, nami nalitamani jibu lake: mtoto wa jirani anapomuuliza "Wewe ni mgeni wa nani?", maneno hayo tuyachukue kama yalivyo, au kuna picha ndani yake? Mtoto hana fumbo lolote, anauliza tu kwa sababu hamjui mtu yule. Anayeulizwa anasikia nini? Aandike ukurasa mmoja, unitumie. Asiweke jina la tamathali hata moja.